Mapafu ya Paka

Baba yangu alikuwa na bucha pale Rangwe, miaka ile ya sitini, na paka wake walikula kabla yetu. Panya walikuwa wanatoboa ngozi alizohifadhi ghalani, kwa hiyo alimlea paka jike wa kijivu na watoto wake kwa nyama mbichi tupu: mapafu, bandama, vipande vya koo. Aliwalisha kwa ncha ya kisu. Kitoto kikirudi nyuma alikikamata shingo, akakisugua damu puani mpaka king'ate. Alisema paka akionja kilichopikwa anakuwa mvivu kama shemeji zake.

Sisi tulikula ugali na mboga chungu. Penye miti hapana wajenzi. Nyama ilikuwa ya wateja, na samaki hakutaka hata kumsikia, eti watu wangesema mchinjaji ameshindwa kulisha nyumba yake. Mapafu nayo yalikuwa chakula cha paka, na mke wake hawezi kula chakula cha paka. Kiburi chake kilikuwa kinene kuliko kisogo chake.

Mdogo wangu, aliyekuwa ameachishwa ziwa karibuni, akaanza kujaa mashavu. Miguu ikavimba. Baba alimbeba hadi bucha kuwaonyesha wateja. "Tazameni mtoto wa mchinjaji alivyonona!"

Mtoto hakucheka. Nywele zake zilikuwa zimegeuka nyekundu, na ngozi ya mapaja inambambuka. Mama akamfunga mgongoni, akampeleka Homa Bay kwa dresa, mganga msaidizi wa zahanati.

"Mama, huyu hajanona," dresa alimwambia. "Huyu iko na njaa. Kama hapati nyama ama samaki, utamzika."

Mama aliporudi hakusalimu mtu. Aliingia ghalani, ambako paka walikuwa wamelizunguka karai lao, akanyakua mapafu. Yule jike alimrukia. Alimng'ata kiganja asiachie, huku kucha za nyuma zikimchana hadi kiwiko. Mama akambamiza ukutani, akambamiza tena, mpaka akaanguka. Sikuweza kutofautisha damu ya mama na ya ng'ombe. Akaosha mapafu, akabandika sufuria.

Baba alikuta inachemka. Alimpiga mama kwa mkanda, mgongoni na kichwani. "Unataka nichekwe na watu?"

Mama hakulia. Aliudaka mkono wa baba, akakikandamiza kidole gumba chake kwenye mguu wa mtoto. "Angalia, baba watoto. Angalia huo unono wako."

Kidole kilipoondoka, shimo lilibaki. Tulilitazama sote, na halikujaa.

Baba akatoka. Tulisikia vitoto vya paka vikimlilia, maana vilizoea kula saa hiyo, kisha tukasikia shoka. Nilimchukia. Wale paka hawakuwa wamemnyima mtu chakula.

Tangu siku ile mapafu yaliletwa nyumbani. Mdogo wangu akala, akakojoa sana, na uvimbe ukashuka polepole. Majirani wakanong'ona kwamba mama anamkondesha. Uvimbe ulipokwisha, ndipo tulipoona mtoto tuliyekuwa naye: mbavu, magoti na macho. Baba alimtazama, akajifunika uso kwa aproni yake yenye damu.

Mtoto akaivuta ile aproni. "Baba," akasema, "nyama."