Kadi Niliyomwonyesha Baba Mkwe

Nakumbuka Jumapili moja ya ukungu kwetu Endagikot, mwanangu, siku niliyomtoa baba mkwe wangu uwanjani kwa kadi nyekundu. Usicheke kwanza. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sina muda mrefu tangu niolewe, na kozi ya urefa nilikuwa nimeimaliza Mbulu mjini nikiwa mwanamke peke yangu darasani. Kila nilipoingia uwanjani na bukta yangu ndefu, hawakukosekana wa kusema kipenga kimekosa mwenyewe. Niliwaacha waseme. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Siku hiyo ilikuwa fainali. Vijana wa kwetu, watoto wa wakulima, walicheza na vijana wa wafugaji waliopanda kutoka tambarare za Hanang wakiwa wamejazana kwenye lori la vitunguu. Zawadi ilikuwa dume la ng'ombe, na aliyelitoa ni baba mkwe wangu, Mzee Akonaay. Mshambuliaji wetu alikuwa Bura, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Sasa unaona nilikuwa nimesimama wapi. Wageni walinikubali kwa sababu refa mwingine hakuwepo. Wa kwetu walinikubali wakidhani walinioa pamoja na kipenga changu.

Mchezo ulikuwa unaelekea mwisho, hakuna aliyefunga, ndipo ukungu ukashuka kutoka mlimani. Bura akaachia shuti la chini, kali. Niliuona mpira ukiingia kwenye ukungu na sikuuona tena. Na magoli yetu wakati ule yalikuwa miti ya mikaratusi tu, bila nyavu, kwa hiyo mpira upite upande wa ndani wa mti au wa nje, wote unaishia kule kule kwenye shamba la mahindi. Uwanja mzima ukashangilia goli. Kipa wa wageni akawa ananionyesha kwa mkono kwamba umepita nje. Nikamkimbilia mshika kibendera, kijana wa pale pale kwetu, nikamuuliza kama ameuona ukipita ndani.

"Watu wote wameuona, mwalimu."

"Sikukuuliza watu wote."

Akatazama chini. Basi nikaonyesha mpira uanzwe na kipa, mchezo uendelee.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Nawaheshimu sana wahenga, lakini nadhani hawakuwahi kuchezesha mpira. Uwanjani penye wengi ndipo neno linapoharibika haraka, kwa sababu kila mmoja anaona kwa macho ya mwenzake, na mwenzake naye alikuwa anavuta sigara akitazama pembeni. Watu wakaingia uwanjani, na aliyewatangulia alikuwa Mzee Akonaay na fimbo yake.

Kwetu mke wa mwana hapandishi sauti mbele ya baba mkwe. Hata kumtazama sana usoni ni utovu wa adabu. Mzee alifika mbele yangu akaniambia kwa sauti ya chini kabisa niwape watoto goli lao, mengine tutayazungumza nyumbani. Ile sauti ya chini iliniogopesha kuliko makelele yote. Najua sheria, kadi ni ya walioko mchezoni, mtazamaji unamwambia tu atoke. Lakini mkono wangu ulikwenda mfukoni ukatoka na nyekundu, nikaiinua mbele ya kijiji kizima. Mzee akaitazama kadi, akanitazama mimi, kisha akageuka akatoka nje ya mstari. Waliokuwa nyuma yake wakakosa wa kumfuata, nao wakatoka.

Tukaenda kwenye penati, ambazo hata ukungu hauzifichi maana refa unasimama karibu. Wageni wakashinda wakaondoka na dume. Mimi nikaondoka na madongo mgongoni na matusi ambayo sitakurudia hapa.

Kesho yake wazee walikaa kikao nyumbani kwa baba mkwe. Bura alikuwa ameapa kwamba nisipoomba radhi hatakula tena chakula cha mkono wangu, na vijana wenzake walisema sitashika kipenga tena kijijini pale. Mume wangu, ambaye ni mtu wa amani mno, alinisihi niseme neno moja yaishe. Nilikubali, ila nusu. Njiani nilikuwa nayapanga maneno yangu: kwa goli siombi radhi hata wanirudishe kwa baba yangu, lakini kwa ile kadi nitapiga magoti. Nilipofika niliwaamkia wazee shikamoo, nikapiga magoti, nikaanza.

"Baba, kwa ile kadi naomba..."

"Nyamaza."

Tangu niolewe hakuwahi kunikaripia vile. "Unafikiri nilitoka kwa sababu ya kukuogopa?" akasema. "Ningesimama pale na fimbo yangu, nani angenigusa? Nilitoka kwa sababu uwanja ulikuwa wako na mimi niliingia bila hodi. Sasa ukiniomba radhi leo, nitakuwa nilitoka bure, na watu walinicheka bure. Simama."

Nikasimama. Akawaambia wazee wenzake kwamba mkwe wake hana kosa, na kwamba kama wana kiu pombe ipo. Wakanywa. Bura alininunia mpaka mavuno, na hata leo, na mvi zake zile, anasema lilikuwa goli. Labda lilikuwa. Mimi sijui, na ndiyo maana sikulitoa.

Mwanangu, siku hizi mnachezesha huku simu zimewaelekea kila upande, na kila mwenye simu ni refa. Watakutukana, wengine watakushika shati, na wa nyumbani kwako ndio watakaokuuma zaidi. Nakushauri hivi. Pulizia kipenga kile ulichokiona, na usichokiona kiache hata kijiji kizima kikikuapia. Ukikosea kosa la kweli, omba radhi hata kwa mtoto. Lakini usiombe radhi kwa haki ili tu watu wakutazame vizuri, kwa sababu kila unapotenda haki kuna mtu ameumia akaitii, na ukiikana kesho yake unamwaibisha yeye kabla hujajiaibisha wewe. Nilikaribia kulifanya hilo nikidhani ndiyo adabu, na aliyenizuia ni yule yule niliyemtoa nje.

Nenda ukachezeshe. Mungu akupe macho ya kuona, na akupe shingo ngumu ya kuyaamini.