Sare za Matanga Zashonwa na Mwenye Matanga

Ni saa mbili asubuhi sokoni Kibuye, na Charity Mwihaki anakanyaga cherehani huku akicheka peke yake. Anapinda gauni la zambarau, la tisa kati ya kumi na mawili.

"Sare hizi zilikuwa za matanga yangu," anasema, akikata uzi kwa meno.

Mwihaki, 49, mzaliwa wa Murang'a, ameshona hapa miaka kumi na minane, hasa suruali za mitumba zinazotaka kupunguzwa kiuno. Siku nzuri hupata shilingi mia nane. Siku mbaya hupata umbea.

Miaka minne iliyopita aligunduliwa kuwa na saratani ya damu, ile ya polepole. Anameza kidonge kila siku na damu imetulia. Januari mwaka huu, akioga, akagusa uvimbe kwenye titi.

Soko likatoa hukumu kabla ya daktari: imetembea hadi huko, basi. Hata yeye aliamini. Akaacha kupokea kazi mpya.

Wanawake wa chama chake wakachanga kimyakimya, wakanunua kitambaa cha sare ya mazishi, kama ilivyo desturi ya huku. Shida ni kwamba hawamwamini fundi mwingine. Mweka hazina, Aoko, akatumwa.

"Mama Wendy," akamwambia Mwihaki, "tushonee magauni kumi na mawili."

"Ya matanga ya nani?"

"Ya mtu tu."

"Na huyo mtu anajua?"

Aoko akaangua kilio. Mwihaki akamwambia asiloweshe kitambaa, kisha akampima kiuno.

Siku kumi baadaye majibu ya vipimo vya hospitali yakaja. Uvimbe ni saratani, lakini nyingine kabisa, iliyoanzia kwenye titi lenyewe na isiyohusiana na ile ya damu. Tena ilikuwa bado changa; ingeweza kukatwa.

"Nilimshukuru daktari mpaka akaogopa," anasema. "Nilikuja na moja iliyonishinda, akanipa mbili za kupigana nazo."

Alipasuliwa Machi, titi likaondolewa. Aoko alilala kwenye kiti wodini, "akikoroma kuliko wagonjwa wote." Kliniki bado zinaendelea, na hakuna aliyemwahidi miaka. Jumapili sare zitavaliwa kanisani Mamboleo, kwenye ibada ya shukrani.

Sasa anajaribu kushona matiti ya kitambaa kwa waliokatwa kama yeye. Lake la kwanza, la pamba tupu, lilipanda hadi kwenye kola katikati ya mahubiri. La pili ameliongezea mtama, likapata uzito, likatulia. Wanawake sita wa kliniki wameshaagiza.

"Jentrix wa Kisian anataka kubwa kuliko alilopewa na Mungu," anasema juu ya mmoja wao. "Nimemwambia tuanze na la saizi yake. Mwakani arudi, nitamwongezea."