Matundu Matatu Ambayo Soko Halikuyaamini

"Mtu aliyepasuliwa hapandi ngazi kwa miguu yake siku ileile," anasema Bi Nolfa, ndoo ya nguo mkononi. "Ulijitangaza mwenyewe, Erasmo. Soko zima lilikusikia."

"Nilikuwa na furaha, jirani. Kwani furaha nayo ni ushahidi?"

Ni saa nane mchana kwenye ua wa familia sita, nyuma ya soko la mboga jijini Santiago. Erasmo Llancapán, miaka hamsini na mmoja, thelathini kati ya hiyo akibeba magunia ya viazi, amekaa juu ya kreti, mkono tumboni.

Wiki tatu zilizopita alitibiwa ngiri kwa roboti, mmoja wa wagonjwa ishirini waliokubali kufanyiwa majaribio. Daktari alikaa pembeni akiongoza mikono ya chuma. Wavu wa kuzuia utumbo usitokeze tena ukashonewa ndani kupitia matundu matatu madogo. Hakulipa hata peso moja. Jioni alikuwa nyumbani, akisimulia mlango kwa mlango.

Hapo ndipo alipoharibu. Kwa wachukuzi wa soko hili, aliyepasuliwa hufungua shati mbele ya wenzake, nao hulipima kovu kwa shibiri. Likitimia shibiri nzima, humbebea zamu yake miezi miwili. Erasmo alipofungua, walicheka.

"Mmoja aliniuliza kama nimeumwa na viroboto," anasema. "Karatasi ya daktari inasema nisinyanyue kitu kizito wiki sita. Hakuna aliyeisoma. Wao wanasoma tumbo."

Na daktari? "Alinipiga picha, akafurahi. Nilipomwomba aje awaeleze, akasema kwangu majaribio yamekwisha."

Anayembebea ni Wladimir peke yake, mume wa Nolfa. Anaingia sasa, shingo imechubuka, anaketi kwenye ngazi bila kuvua kofia.

"Wamekaa kikao," anasema. "Jumatatu urudi kazini, la sivyo namba yako ya uchukuzi anapewa mwingine."

"Na wavu ukiachia?"

"Utapasuliwa kwa kisu, kaka. Hapo watakuamini."

Hakuna anayecheka. Erasmo anasema Jumatatu atakwenda. Ataanza na mboga za majani, viazi avikwepe mpaka mwili ukubali. Anayasema hayo huku akijua fika kwamba pale sokoni mizigo haichaguliwi.

Nolfa anatua ndoo. Maharage yake na tambi yameiva, harufu imejaa ua.

"Basi ingia ule," anamwambia. "Kalia kile kiti cha Wladimir, kina egemeo."