Mgeni Akija

Mwalimu Zeze alianza kupiga zeze harusini kabla hajaota ndevu, na hata alipopata cheti cha ualimu hakuliacha nyumbani. Darasani kwake hesabu ziliimbwa. Mwalimu mkuu alilalamika kwamba shule imegeuzwa ukumbi wa ngoma, lakini wageni wakija, mbio kumwita Zeze!

Baadaye akatoa kitabu cha nyimbo za shule. Nyingi alizipata kwa shangazi yake, aliyekuwa akitwanga uani na majirani. Mmoja ulimsumbua. "Twangeni, mgeni yu njiani," waliimba, "akija..." Hapo sauti zilikatika, michi ikaanguka mara mbili, wakaingia ubeti mwingine. Mgeni akija, kutakuwaje? Hawakusema. Ubaoni mstari ule ulichechemea, na mwalimu ni mwalimu, kiraka hakimshindi. Akaandika, "akija tutafurahi." Kitabu kikasomwa kila shule. Akavikwa kilemba cha ukoka, naye akakivaa mpaka masikioni.

Miaka ikaenda. Mke wake akapelekwa kutibiwa mbali na akafia huko. Siku ya kuletwa maiti, mwalimu alisimama getini akisubiri gari. Watoto wa jirani walikuwa wakiruka kamba na kuimba, "Akija tutafurahi!" Hawakuwa na kosa. Ndipo alipoelewa kwa nini wale wanawake walinyamaza: kila mmoja alikuwa na mgeni wake, na si kila mgeni ni wa kufurahiwa. Aliona aibu hata kumlilia mkewe.

Kitabu kilipotakiwa kuchapishwa upya, aliomba mstari ule ufutwe. Mhariri akacheka.

"Mwalimu, wimbo huu kila mtu anaujua hivyo. Niletee japo mtu mmoja anayeuimba vingine."

Wa kuuimba vingine alibaki shangazi peke yake. Wenzake wote walikuwa wameshazikwa, na unga sasa ulitoka mashineni. Mwalimu akaazima kinu na mchi, akamkuta bibi huyo barazani anaota jua, akatega simu ya kurekodi.

"Shangazi, niimbie ule wa mgeni. Ule wenu wa zamani."

"Haya baba. Lakini sauti imekwisha, usije ukanicheka."

Akashika mchi. Mikono ikakumbuka kazi. "Twangeni, mgeni yu njiani..." Mwalimu akazuia pumzi.

"Akija tutafurahi!" aliimba shangazi, uso umemchangamka, na mchi ukaangukia juu ya maneno.

"Shangazi, hapo si mlikuwa mnanyamaza?"

"Tunyamaze kwa nini? Ndivyo alivyotufundisha mama." Akaurudia wote, neno kwa neno, vilevile kama watoto wa shule. Alipomaliza akamtazama kwa wasiwasi. "Au nimekosea, mwanangu?"

"Hapana, Shangazi," alisema mwalimu, akazima simu. "Hujakosea popote."