Siku Shangazi Alipokubali Bei ya Kwanza

Kuna siku moja ya soko hapa Kamembe ambayo haijanitoka akilini, mwanangu. Nilikuwa bado sijaolewa, nikiuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na shangazi yangu Perusi, mwanamke aliyeomba kupunguziwa hata bei ya kitu asichokusudia kununua. Miezi michache kabla ya hapo, moyo ulikuwa umemwangusha kwenye mwinuko wa kutoka ziwani, beseni la samaki likiwa kichwani. Alilazwa, akatibiwa, akarudi nyumbani na vidonge vya kunywa kila siku na tarehe ya kurudi kuonwa.

Tarehe ilipofika nilimsindikiza. Muuguzi, kijana mpole aliyekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, alimweleza tena dawa zake kwa Kiswahili cha huko. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho kama anayekagua nguo ya mtumba, kisha akasema:

"Hizi ni mingi, papa. Unipunguzie."

"Maman, hapa hatupunguzaka."

"Basi tarehe. Pahali pa mwezi ujao, nirudi Pasaka."

"Hapana, maman."

"Weye unauza vibaya sana," akamwambia, tukacheka sote.

Mimi nilikuwa na udadisi wangu. Mtu akishatoka hospitali, nikauliza, dawa inafanya kazi gani humo ndani? Muuguzi hakunidharau. Alisema mshipa uliowahi kuziba unaweza kuziba tena bila kupiga hodi, na dawa hukaa pale kuuzuia. Nikauliza tena, maana swali moja halinitoshi, kama kuhesabu chenji mara moja: na atajuaje kwamba anatembea kwa mwendo unaomfaa?

"Atembee huku anaweza kubishania bei," akajibu. "Akikosa pumzi ya kubisha, apunguze mwendo."

Hilo Shangazi alilipenda. Kila asubuhi tulipanda njia ya sokoni akiuliza bei kwa kila muuzaji na kutonunua kitu. Wauzaji wakaanza kujificha wakituona.

Siku hiyo ninayokuambia, alisimama kwa muuza maharage. Yule mama akamtajia bei ya juu kabisa, ya kumchokoza tu. Shangazi akasema, "Sawa."

Sawa! Muuzaji mwenyewe alishtuka. "Perusi, uko na nini leo?"

Nikamtazama. Asubuhi ilikuwa ya baridi na yeye jasho linamtiririka, mkono ameuweka kwenye taya linalomuuma. Nikamketisha juu ya gunia, muuza maharage akapiga simu, gari la wagonjwa likaja.

Hospitali walisema mshipa ulikuwa umeanza kuziba tena, lakini tumewahi. Alipopata nafuu, muuguzi yule yule akafungua mfuko wa dawa. Vidonge vilivyobaki vilikuwa vingi mno.

"Maman, hizi haukunywa?"

"Mi nakunywaka siku moyo inauma. Siku inanyamaza, na mi nanyamaza."

Biashara ilimfundisha hivyo, mwanangu: hulipii mzigo ambao hujauona. Muuguzi hakumgombeza. Alivuta kiti.

"Maman, ile kunyamaza, ni dawa inaifanyaka. Siku ulisikia muzuri, ndiyo siku ilikuwa kazini."

Shangazi akauvuta mfuko, akavihesabu vidonge kimoja kimoja. Siku ya kutoka, muuguzi akamtajia tarehe ya kurudi.

"Sawa," akasema.

Niliruka kutoka kwenye kiti. Akanikazia jicho. "Ikala chini, mutoto. Mi niko muzima. Hii bei ni nzuri."

Alirudi tarehe hiyo na zote zilizofuata, na aliuza sambaza mpaka akawabeba watoto wangu mgongoni.

Basi, mwanangu, ukiwa na mgonjwa wa moyo nyumbani, usidanganywe na siku anayojisikia vizuri. Anywe dawa hata asipoona sababu. Arudi kuonwa hata akikosa la kulalamikia. Lisiloeleweka muulize muuguzi, halafu umuulize tena. Na wewe mjue mtu wako alivyo, ili siku akibadilika usingoje aanguke. Sokoni bishana utakavyo; hili lilipie bei nzima.

Mungu akupe moyo unaopiga bila kukutisha, na mtu wa karibu atakayeshtuka ukikubali upesi mno.