Jiwe Lililoanguka Kwenye Unga Wangu

Jambo hili naona aibu kulisema hata sasa, lakini nikilisema basi nianze na lililo kweli: mjinga nilikuwa mimi, wenzangu wa mtaani walinifuata tu.

Enzi hizo za Mwingereza tulipanga nyumba moja pale Kariakoo na Bi Hadia, mkunga. Nusu ya watoto wa mtaa ule kawapokea yeye, wangu wawili wamo. Asubuhi ile tuligombana kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo (kamba, jamani, wala si mume!), nikamjibu vibaya, mtu mzima yule, akaniambia, "Haya mwanangu, Mungu atakuonyesha," akaingia chumbani kwake.

Alasiri niko jikoni uani nakanda unga wa chapati, nikasikia mshindo mkubwa, nikadhani wanapasua mawe bandarini, na sijamaliza kudhani, kitu kikatoboa paa la madebe, pu! ndani ya beseni. Nikapiga ukelele. Nilipopata roho ya kuchungulia nikaona jiwe kama ngumi, jeusi tii, limeungua juu kama limetolewa tanurini. Nikaligusa kwa ncha ya kidole. Baridi! Limeungua, halafu baridi! Nikajiambia, hili halikurushwa na binadamu.

Hapo ningelifunika nikamngoja mume wangu. Wapi! Nililifunga kwenye kanga, nikatoka nalo barazani, "Njooni muone alichonitupia Bi Hadia!" Nikasimulia ugomvi, nikasimulia alivyosema Mungu atanionyesha, nikampa kila mtu aliguse, na kila aliyeligusa alirudisha mkono akisema astaghfirullah. (Na chumvi nilitia. Nilisema nimeliona kwa macho yangu likitoka chumbani kwake, na mie nilikuwa nimeinamia beseni.) Mwanamke mmoja aliyefiwa na kichanga mwaka uliopita akaanza kulia, "Kumbe ndiye aliyeniulia mwanangu!" Watu wakajaa, mwenye nyumba akaitwa, na kabla ya magharibi kitanda cha Bi Hadia kilikuwa barabarani, mkoba wake wa kazi umemwagwa vumbini, wembe, uzi, mafuta ya nazi. Bi Hadia akainama. Aliokota kimoja kimoja.

Kesho yake Mwalimu Salehe, jirani yetu, akaja kuliona. Akaligeuzageuza, akauliza kama kulikuwa na mshindo.

"Hiki ni kimondo," akasema. "Kimetoka mbali huko juu, kwenye baridi kali. Kikiingia kwenye hewa kwa mbio zile kinashika moto, ngozi inayeyuka, lakini ni kitambo kidogo tu, joto haliwahi kufika ndani. Ndiyo maana umekishika baridi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikazunguka nyumba kwa nyumba nikieleza habari ya kimondo, wakanisikiliza, wakaitikia, "Kumbe!" Mwisho wa wiki mke wa fundi cherehani akashikwa na uchungu, wakaenda kumwita mkunga wa Ilala. "Mwalimu tunamwamini," mama mkwe wake akaniambia, "ila mtoto ni mtoto." Hakuna aliyemwita Bi Hadia tena.

Nikamfuata kwa mpwa wake Magomeni, alikohamia, nimelibeba jiwe mkononi utadhani hati ya serikali. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, hewa, moto, baridi, nikamwomba radhi huku nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, anachambua mchele.

"Sawa," akasema. "Jiwe limetoka juu. Na ule uongo kwamba uliliona likitoka chumbani kwangu, umetoka wapi?"

Nikalifunga jiwe kwenye kanga, nikarudi nyumbani. Nimeapa sitamsema mtu tena kwa jambo nisilolishuhudia, na kiapo hicho nimekishika miaka yote hii. Lakini Bi Hadia hakikumrudishia hata mzazi mmoja wa kumzalisha.