Mume Niliyewapa Nyanzala na Christina

Nilipokuwa balozi wa nyumba kumi kule Ilembo nilijiona serikali. Nilikuwa na darasa la saba na daftari la kaya zangu lenye jalada gumu, na mtu akinisalimia, "Shikamoo Mama Egide," nilisubiri aongeze "balozi" ndipo niitikie.

Mwaka 1996 akaja kwangu Mwanaasha, binti wa mzee Uwesu mwenye duka la vitenge mjini. Alikuwa akisoma chuo kikuu Dar es Salaam, na treni ilikuwa imemshusha na begi zima la karatasi.

"Unasomea nini huko, mwanangu?"

"Historia, mama balozi. Nachunguza mambo ya jinsia. Wanawake waliopendana na wanawake wenzao, wakajenga mji mmoja bila mume."

"Na hilo linasomewa? Mbona hapa tunalisema bure kisimani?"

Tulilisema kweli, na msemaji mkuu nilikuwa mimi. Nyanzala na Christina walikuwa nyumba ya saba kwenye orodha yangu. Nyanzala ni Mkonongo, mrefu, fundi wa kufyatua tofali. Christina ni Mfipa, mfupi, mdomo kama wangu. Walikuwa wanakaa pamoja tangu mimi sijaolewa, chumba kimoja, shamba moja la karanga.

Mwanaasha akanieleza shida yake. Mwalimu wake alimwambia masimulizi ya mdomo hayatoshi. Alete maandishi yanayoonyesha kwamba kaya ya namna hiyo ipo, la sivyo atafute mada nyingine. Na treni ya kumrudisha ilikuwa Jumapili.

"Daftari lako la miaka kumi ndilo tegemeo langu, mama."

Nikaingia chumbani kulichukua, natembea kwa maringo kama bibi harusi. Nilipolishika ndipo nikakumbuka nilichoandika humo.

Safu ya kwanza ilikuwa "Jina la mume". Mwaka ule wa kwanza wa ubalozi nilifika nyumba ya saba nikakwama. Shuleni tulifundishwa: swali likikushinda andika chochote, usiache wazi. Basi nikaandika Yohani, na chini yake "wanawake wawili" bila majina. Mwaka uliofuata nikanakili, na uliofuata tena. Kwenye maelezo niliweka "yuko safari". Mwaka mmoja nilimpanga kufyeka barabara ya shule, hakutokea, nikamwandika mtoro. Na nilimkasirikia kwelikweli, mtu niliyemzaa mwenyewe kwa kalamu.

Mwanaasha alisoma, uso ukamshuka. "Kumbe wana mume?"

"Yuko safari," nikasema. Mdomo ulishazoea.

"Miaka kumi?"

"Ni mbali alikokwenda."

Akafunga daftari. "Basi mada yangu imekufa."

Ningenyamaza, heshima yangu ingebaki salama. Nikammiminia chai. Lakini yule binti alianza kurudisha karatasi zake begini moja moja, hanilaumu, hata ananishukuru kwa chai! Angenitukana ningevumilia.

"Acha hizo karatasi," nikamwambia. "Twende."

Tuliwakuta uani wanamenya karanga. Nikaeleza yote nimesimama, maana hakuna aliyenipa kigoda. Christina alicheka hadi ungo ukamtoka mapajani.

"Nyanzala! Kumbe tuna mume!"

"Mvivu huyo," Nyanzala akasema. "Miaka kumi hajaleta hata ukuni mmoja."

"Balozi, sura je? Anatazamika?"

"Sijui, dada. Sikumtazama vizuri."

Kisha Nyanzala akaacha kucheka. "Maneno yako ya kisimani tumeyazoea, Mama Egide. Lakini siku nikifa, ndugu zangu watakuja kufungua daftari lako, waseme Christina hapa ni mpita njia. Umemfuta kwenye nyumba aliyoibebea maji ya kufyatua tofali."

Nikalifungua daftari nililokuja nalo.

Mwanaasha akawaambia kwamba kwenye kazi yake majina yao atayabadilisha, na kama hawataki kabisa, ataondoka wala hataandika kitu.

"Kwako badilisha," Nyanzala akajibu. "Kwa huyu balozi yakae yetu."

Basi nikaketi chini kwenye maganda ya karanga, nikamkata Yohani ukurasa kwa ukurasa, mara kumi. Nikaandika Nyanzala. Nikaandika Christina. Nikamuuliza Nyanzala, "Sasa huyu nimwandike nani wako?"

"Miaka yote unatusema, leo hujui?" Christina akanidaka.

"Andika nyumba ni yetu wote wawili," Nyanzala akasema. "Na tunapendana. Hilo nalo andika."

Safu ilikuwa nyembamba. Niliandika mpaka pembeni, nikageuza daftari, nikaendelea kwa kupandisha.

Nilidhani nimemaliza, kumbe Mwanaasha alikuwa na karatasi nyingine. Alitaka nieleze Yohani alitoka wapi. Alisema hivyo ndivyo wanawake kama hawa wanavyopotea kwenye maandishi, na mwalimu wake hajawahi kumpata mtu aliyewapoteza ambaye bado yu hai na anakiri mwenyewe. Nikaandika: "Mume huyu nilimtunga mimi kwa kuogopa kuacha pengo." Nikatia sahihi.

Christina akachungulia begani kwangu.

"Weka na tarehe, balozi. Sisi wajane lazima tujue siku ya msiba."